Skrubu ya Nane

Mimi ni fundi kompyuta, na kama kuna kitu kinachonichemsha damu ni mtu kuniambia kwamba namba hazidanganyi. Namba zinadanganya kama mtu yeyote, tofauti ni kwamba zenyewe hazina haya. Najua ninachosema, maana niliwahi kuzifundisha mwenyewe.

Mambo yalianzia mezani, Jumapili mchana, nyumbani kwa mama. Tunaishi wote humo: mama, mimi, mdogo wangu na mkewe. Chumba cha mbele, chenye dirisha kubwa linalotazama barabara, ndicho karakana yangu, na nimekaa humo miaka kumi na mmoja. Mwanga wa asubuhi unaanguka juu ya meza ya kazi kama umeagizwa, na fundi wa miaka hamsini na mbili hana rafiki mkubwa kuliko mwanga. Watu wananiita Bisibisi. Nadhani hata mama ameshasahau jina alilonipa.

Sasa shemeji yangu, mke wa mdogo wangu, akakitamani chumba hicho hicho. Ana blogu ya kupamba nyumba: mapazia, mito ya makochi, namna ya kuficha nyaya za televisheni. Kila anachoandika lazima akipige picha, na picha, kwa maelezo yake, hazitoki vizuri popote isipokuwa kwenye dirisha langu.

"Shemeji, wewe kazi yako ni kuchungulia ndani ya mashine," alisema. "Tochi inakutosha."

"Na wewe unapiga picha mito ya kochi," nikamjibu. "Mito haikimbii. Subiri jua lizunguke."

Mdogo wangu aliinamia sahani yake. Ndoa imemfundisha kutafuna polepole.

Isitoshe, mimi pia nina blogu. Inaitwa Kabla Hujaitupa, na ninawafundisha watu kufungua mashine zao wenyewe na kuzitengeneza. Shemeji analijua hilo, ndiyo maana akatoa simu yake akaniwekea mbele ya pua. Alikuwa amefungua Ngazi, tovuti inayopanga blogu zote kwa umaarufu, kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho kabisa. Yake ilikuwa ya 412. Yangu ilikuwa ya 9,806.

"Kuna mtu ana blogu ya kukusanya vipande vya sabuni," aliniambia kwa huruma ya uongo. "Yuko juu yako."

Mama akaweka kijiko chini. Huyu mama yangu mpira uko damuni. Msimamo wa ligi ameubandika kwenye mlango wa friji na kila wiki anausahihisha kwa penseli, na ole wako umwambie kwamba timu ya tatu inacheza vizuri kuliko ya pili. Atakuuliza, kama inacheza vizuri, kule juu inaogopa nini?

"Kesi imekwisha," alisema. "Mwisho wa mwezi, atakayekuwa juu kwenye hiyo ligi yenu ndiye mwenye chumba. Mwingine ataenda stoo ya nyuma. Na sitaki tena makelele kwenye chakula changu."

Stoo ya nyuma haina dirisha. Ina tundu la hewa la ukubwa wa daftari, na inanuka rangi iliyonunuliwa kabla mdogo wangu hajaota ndevu.

Jioni hiyo nikaanza kuichunguza Ngazi kama ninavyochunguza mashine yoyote iliyoletwa mezani kwangu: inakula nini, inatoa nini. Nikagundua kwamba haijui hata kidogo ni watu wangapi wanasoma nini. Ina kijiprogramu chake, inakiita kihesabu, ambacho mtu anakiweka kwenye kompyuta yake kwa hiari, nacho kinakaa kimya kikipeleka habari za kila ukurasa unaofunguliwa. Asiye na kihesabu hahesabiwi. Anayesoma kwa simu hayumo kabisa. Na kwa kuwa watu wenye kihesabu ni wachache, kompyuta chache tu zinatosha kumpandisha mtu hadi mawinguni.

Basi nikajiuliza: katika mtaa huu, ni nani anayeshika kompyuta za watu kuanzia asubuhi hadi jioni?

Watu husema shetani aliwashawishi. Mimi nilimtangulia.

Kila mashine iliyoingia ilipulizwa vumbi, ikafutwa kioo, ikawekwa kihesabu, na ikapangwa ili mwenyewe akifungua mtandao aanze na Kabla Hujaitupa. Ilipita ya mwalimu mkuu. Zikapita tatu za ofisi ya bima. Ikapita ya kinyozi, ambayo nilidhani kazi yake pekee ni kupiga muziki. Kazi ilipopungua nikabandika tangazo: usafi wa kompyuta bure, wiki mbili tu. Watu wakapanga foleni, wakanishukuru, wengine wakaniombea maisha marefu. Waliouliza niliwaambia nimeongeza kitu kidogo cha kupima mwendo. Sikusema mwendo wa nani.

Wiki ya pili shemeji mwenyewe akaja na kompyuta yake, feni inalia. Hapo ndipo mtu mwenye akili angesimama kidogo. Mimi nilimtengenezea feni, na kwa mazoea ya mkono nikamwekea kila kitu nilichowawekea wengine. Nilicheka peke yangu mpaka bisibisi ikaanguka. Adui atanibebea kura mwenyewe!

Nikapanda. Nilifika elfu nne, nikafika elfu moja na mia tatu, nikafika mia tano na ishirini. Nilikuwa naamka na kabla sijanawa uso naifungua Ngazi. Mwezi huo wote sikuandika hata mstari mmoja kwenye blogu. Kwa nini nijichoshe, na huku napanda? Siku tatu kabla ya mwezi kwisha nilikuwa wa 96, nikaiandika namba hiyo kwa chaki juu ya mlango wa karakana. Nafasi ya shemeji sikuitazama hata mara moja. Niliyempita ana nini cha kutazamwa?

Jumapili ya mwisho, vyombo vilipoondolewa, mama alileta karatasi safi na penseli yake.

"Haya, someni."

"Tisini na sita," nikasema, kwa sauti ya mtu asiyependa kujisifu.

"Thelathini na saba," akasema shemeji.

Niliinyakua ile simu. Ilikuwa kweli, thelathini na saba, na mshale wa kijani pembeni. Nilipoinua macho, shemeji alikuwa ameshaleta kompyuta yake mezani.

"Sasa nieleze hili, shemeji," alisema, akaufungua mtandao. Kabla Hujaitupa ikajitokeza na picha ya mkono wangu. "Inaanza hivi tangu ulivyonitengenezea feni, na kihesabu cha Ngazi nimekikuta humo humo. Nikadhani ni bahati mbaya. Juzi nimemfuata mume wangu kwa kinyozi, nikakuta kompyuta ya kinyozi inaanza hivi hivi. Nikauliza ofisi ya bima: hivi hivi. Wote wanakufunga wewe kwanza, ndipo wanaendelea na mambo yao."

"Mambo gani?" mama akauliza.

"Wanakuja kwangu, mama."

Nikaelewa yote papo hapo, na laiti nisingeelewa. Kihesabu hakina undugu. Kilinihesabu mimi mara moja, mtu akipita mlangoni, kisha kikaendelea kuhesabu kule alikokuwa anakwenda kweli. Mke wa mwalimu mkuu alikuwa anakwenda kwa shemeji. Wasichana wa bima, saa ya mapumziko, walikwenda kwa shemeji. Hata wateja wa kinyozi wakisubiri zamu walikuwa wanachagua mapazia.

"Na wewe mwenyewe unaifungua blogu yako mara ngapi kwa siku?" nikamuuliza, nikitafuta pa kushika.

Alitazama kucha zake. "Kama mara mia mbili hivi. Naangalia kama kuna maoni."

Katika watu wote wa dunia hii, nilikuwa nimempa kihesabu shabiki mkubwa kuliko wote wa blogu ya shemeji, yaani shemeji.

Mama aliilaza penseli juu ya karatasi.

"Kwa hiyo ulifunga kwa mkono," alisema.

Niliirudisha simu ya shemeji mezani.

"Na bado umefungwa."

Mdogo wangu alipaliwa na maji, ikabidi apigwe mgongoni.

Ndipo ikasikika hodi. Mlangoni alisimama mwanamke wa makamo, amevaa viatu vyeupe vya kazi, mkoba begani na daftari mkononi.

"Samahani kwa kuwaingilia Jumapili," alisema. "Namtafuta fundi wa Kabla Hujaitupa. Kwenye picha moja kibao chake kinaonekana, nikakifuata kwa kuuliza. Nasoma maandishi yake miaka mitatu sasa."

Shemeji alicheka mpaka akashika ukingo wa meza. "Shemeji! Mpaka msomaji umekodi?"

"Simjui huyu!" nikasema. "Naapa, ndiyo kwanza namwona."

"Kama wale wengine wote," akasema shemeji.

Mama akamgeukia mgeni kwa upole. "Mwanangu, usiogope. Huyu kijana wangu amekuahidi nini?"

"Kuniahidi?" Mwanamke alituangalia mmoja mmoja, kama mtu aliyeingia nyumba siyo.

Chumba ningekiacha. Kushindwa ningekumeza. Lakini hili liliniuma kuliko vyote viwili: miaka yote naandika nikijiuliza kama kuna mtu upande wa pili, na siku alipokuja kwa miguu yake, nilikuwa nimeshaharibu kila kitu kiasi kwamba nisingeweza kumthibitisha mbele ya mama yangu mzazi. Nilitamani sakafu inifungukie.

"Mkaribishe mgeni," mama akasema. "Hata wa kukodi anakunywa maji."

Karakana tayari ilikuwa na shemeji, anapima dirisha kwa futi kamba. Kwa hiyo nikampeleka mgeni stoo ya nyuma, nikampindulia ndoo ya rangi akae. Hakulalamika. Alitoa mkobani kompyuta iliyofungwa kwa kitambaa safi, mfuniko wake umeshafunguliwa, na kipande cha plasta nyeupe ambacho juu yake amepanga skrubu kwa mstari, kila moja na namba yake.

"Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji," alisema. "Somo lako la kubadilisha betri nimelinakili hapa, maana nasoma kwa simu na simu inazima kioo mikono ikiwa kazini." Akafungua daftari. Lilikuwa somo langu lote, neno kwa neno, kwa mwandiko uliosimama wima. "Fundi, umeandika skrubu ni saba, na umeonyesha mahali pa saba. Mimi nimetoa nane. Kule kwetu hatumfungi mtu mpaka hesabu itimie. Kwa hiyo sijaifunga."

Nikaichukua ile ya nane kwenye kiganja. Ilikuwa fupi kuliko wenzake, nyeusi. Niliitambua mara moja. Inakaa chini ya kile kimguu cha mpira kwenye kona, na mimi, siku ile naandika, niliisahau. Miaka mitatu somo hilo liko mtandaoni, na limefunguliwa mara elfu kumi na nne.

"Wangapi wamekuuliza kabla yangu?" alisema.

"Hakuna."

"Hao wengine walifanyaje na ya nane?"

"Dada yangu," nikasema, "sidhani kama kuna aliyefungua kitu."

Alitikisa kichwa taratibu, akiwasikitikia. Kisha akaniuliza, bila ubaya wowote, mbona mwezi mzima sijaandika. Nikamwambia nilikuwa na shughuli. Uso wangu ulikuwa unawaka, nikashukuru kwamba stoo haina dirisha.

Kichwa cha shemeji kikatokea mlangoni. "Shemeji, ukimaliza na mgeni wako, nitolee ule ukurasa wako kwenye kompyuta." Akaanza kuondoka, akarudi. "Lakini kihesabu kiache."

Tukaifunga mashine pamoja, yeye akikaza, mimi nikimmulikia kwa tochi. Alihesabu kwa sauti: moja, mbili, mpaka saba. Nikabandua kile kimguu cha mpira, nikamwonyesha shimo. "Nane," alisema, akavuta pumzi. Alibonyeza, taa ikawaka, na sijui nani kati yetu alifurahi zaidi. Nadhani ni mimi.

Alipokuwa anafungasha vitu vyake nilimwomba kalamu. Nikalifungua daftari lake, nikakata "saba", nikaandika "nane" juu yake, na pembeni nikachora kona inapokaa. Baadaye ndipo nikaenda kusahihisha mtandaoni, ambako hakuna aliyekuwa anasubiri.