Maswali Matatu Aliyoyaruka

"Wangapi mnalala hapa, mama?" aliuliza mpaka rangi, macho kayabandika kwenye fomu.

"Si unajua, baba. Mimi na wajukuu wanne."

Mama mkwe wake alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Nyuma yake mafuriko ya juzi yaliacha mstari wa matope ukutani, usawa wa kifua cha mtu mzima.

Shirika la misaada lilimchukua kuandika waathirika kwa sababu kila nyumba ya mtaa ule aliwahi kuipaka rangi. Tangu asubuhi alikuwa ameshauliza nyumba kumi na tisa. Mnajisaidia wapi? Wanawake wana nguo za kubadilisha? Nani ana shida ya mwili? Waliocheka aliwaambia, "Cheka, dada, ila jibu."

Sasa kalamu iligoma. Mwanamke aliyekuzalia mke, unamwulizaje habari za chooni?

"Basi, mama. Yamekwisha."

"Hayo tu?"

"Hayo tu."

Alipofika kona akajaza mwenyewe: choo kipo, nguo zipo, shida hakuna.

Jioni mkewe alirudi kutoka kwa mama yake, akabwaga sufuria. Chakula alichompelekea kilikuwa vilevile.

"Mama hali kitu. Siku ya tatu leo."

"Anaumwa?"

"Anaogopa haja. Choo kimesombwa, na gauni alilobaki nalo limepasuka nyuma. Atapitaje mbele za watu kwenda kwa jirani? Nikamwuliza, mume wangu hakuyaandika? Akasema, 'Baba hakuniuliza. Labda hayo hayaandikwi.'" Akamtazama juu hadi chini. "Wake za watu unawauliza, ulimi haukukwami!"

Alitamani ardhi ipasuke.

Asubuhi alimkuta msimamizi, binti wa umri wa mwanawe, akifunga mafungu ya fomu. Akamwomba fomu moja airekebishe.

"Nyumba hii uliandika haina shida," binti alisema. "Imeipata lini?"

"Ilikuwa nayo. Niliandika uongo."

"Kwa nini?"

"Ni mkwe wangu."

Wapakiaji wakaangua kicheko. "Fundi kaona haya!" Binti hakucheka.

"Na mimi sijazi kwa kusikia. Aulizwe mwenyewe. Akina dada wanaoandikisha wote wako ng'ambo ya mto, mimi siwezi kuziacha fomu hizi, na gari la misaada linaondoka saa nne. Fomu isipokuwemo, hapati kitu."

Alikwenda mbio, matope hadi magotini. Akaketi kizingitini kwa mkwewe, mgongo kaupa mlango.

"Mama, ni mimi. Kuna maswali niliyaruka."

"Nilijua, baba. Nikashukuru."

Akasoma la kwanza polepole, kama anayesoma barua ya mtu mwingine. Kisha wajukuu wakaanza kutolewa nje, mmoja baada ya mwingine, wakimpita begani. Mlango ukarudishwa taratibu hadi ukabaki upenyo wa kidole.

Masikio yakimwaka moto, akaiweka kalamu juu ya karatasi, akangoja.