Damu ya Pande Mbili

Lekena alipanda ngazi za ofisi ya fidia mjini Maseru kwa vituo, mkewe MaThuso akimshika kiwiko. Ujana wake wote aliumaliza akitoboa miamba kwenye mgodi wa dhahabu Afrika Kusini, na sasa kifua kilimlia kama mlango mbovu. Foleni ilikuwa ya wanaume wa aina yake, blanketi mabegani, kila mmoja na kikohozi chake.

Karani, kijana aitwaye Tlali, hakuwakaribisha viti.

"Mzee, ombi lako limekataliwa. Wanasema si vumbi, ni damu. Umerithi kasoro kwa baba na kwa mama. Ukiirithi upande mmoja unaishi tu. Pande zote mbili, mapafu yanakosa kinga."

"Nani kawaambia?"

"Wewe. Si ulimwambia daktari wa kampuni kwamba wazazi wako ni ndugu?"

Lekena alikumbuka. Daktari yule aliongea Kisotho kitamu, akamtilia chai, akauliza habari za ukoo huku akimtoa damu. Naye, mjinga wa sifa, akajigamba: sisi Wakwena hatuozi ovyo, binti wa baba mdogo huolewa nyumbani, ng'ombe wa mahari wakarudi zizini. Kumbe walimchekea ili wamnyonge.

"Kama damu yangu mbovu, si ndiyo ningekingwa zaidi na vumbi?" alisema. "Mbona hawakunipima siku ya kuniajiri?"

"Mimi natumwa tu, mzee." Tlali akamgeukia MaThuso. "Mwanenu Thuso yuko mgodi uleule. Wanataka kujua kama na nyinyi ni ndugu. Kama ndiyo, huenda naye karithi pande zote mbili, atarudishwa nyumbani. Kwa usalama wake, eti."

Nyumba nzima ilikula kwa jasho la Thuso. Lekena alijua ukweli ungemtoa mwanawe vumbini, na uongo ungewalisha. Akafungua kinywa, kikohozi kikamtangulia.

MaThuso, binti wa baba mdogo wa Lekena, alinyoosha mgongo.

"Hatuna udugu. Tulikutana sokoni."

"Wewe ukoo gani?"

"Siujui."

"Mama, Msotho gani hajui ukoo wake? Baba yako nani?"

Baba yake MaThuso ndiye aliyemlea Lekena, na walimzika wao wenyewe.

"Sina baba," alisema MaThuso. "Andika hivyo."

Tlali akaandika. Kikohozi kilikuwa kimekwisha tulia na Lekena angeweza kusema, lakini alinyamaza.