Suruali Yangu kwenye Ndoo za Watu

Wivu ulinianza siku nilipoikuta suruali yangu kwenye ndoo ya kinyozi.

Si suruali nzima, kipande tu, kimefungwa kwenye mshikio wa ndoo kwa fundo zuri. Lakini nguo yangu naijua. Ile kahawia niliivaa kazini miaka sita mpaka ikatoboka magotini, kisha ikapotea kabatini nami nisiulize. Sasa naiona inaning'inia kwenye ndoo ya maganda, kibarazani kwa mtu.

"Hii umeitoa wapi?" nikamuuliza kinyozi.

"Kwa Fundi," akajibu, macho kwenye kichwa cha mteja. "Kitambaa cha kahawia, ndoo ya mabaki ya jikoni. Cheupe, plastiki. Chekundu, vitu vya hatari: betri, vioo, viwembe. Mimi viwembe vyangu vyote vinaingia kwenye chekundu siku hizi. Kwani kwako hamfanyi, Bwana Afya?"

Mteja akacheka mpaka kinyozi akamwambia atulie asije akakatwa sikio. Nikaondoka bila kuaga.

Fundi ni mke wangu. Na mimi, kama hujaelewa, ndiye Bwana Afya wa mtaa huu, mwenye kofia, filimbi na kipaza sauti. Miaka kumi na minne nimeupigia mtaa huu kelele: msichome plastiki, msitupe taka mtaroni, tenganisheni! Nimebandika mabango, wakayabandua wakazibia madirisha yaliyovunjika. Nimeitisha mikutano, wakaja watu saba, na wanne kati yao walikuwa wanapita tu wakaona kivuli. Nimewafokea mlango kwa mlango, mmoja mmoja, hadi watoto wakajua kuniigiza. Mtoto anaweka kopo mdomoni, anatoa kifua mbele, "Nyinyi watu! Nyinyi watu!" Sauti yangu kabisa. Na kila jioni moshi wa mifuko ukapanda vilevile, na kila mvua ikinyesha mtaro ukafurika hadi ndani ya nyumba za kule chini.

Halafu anakuja mwanamke na mkasi wake, miezi mitano tu, mtaa mzima unatenganisha! Nisione wivu, mimi nimeumbwa kwa mbao?

Nilitaka kujua anatumia dawa gani. Kesho yake nikajifanya nimesahau miwani, nikarudi nyumbani saa nne asubuhi. Cherehani yake iko chumba cha mbele, na kati ya chumba hicho na sebule kuna pazia. Nikasimama nyuma ya pazia, mwanamume mzima, nikamchungulia mke wangu mwenyewe. Alikuwa anampima muuza duka, mtu ambaye nimemwandikia onyo mara tatu kwa kutupa maboksi mtaroni.

"Inua mikono," Fundi akamwambia, akamzungushia utepe kifuani. "Hivyo hivyo. Ile mifuko ya jana uliipeleka wapi?"

"Kwenye kitambaa cheupe, Fundi."

"Yote?"

"Aa… miwili niliichoma."

"Miwili." Akakaza utepe kidogo. "Pumua. Na moshi wake ukaenda kwa nani?"

"Kwa Nesi," muuza duka akasema, mikono bado juu. Nesi ni yule mama mstaafu wa nyumba ya mwisho, mwenye pumu.

"Haya. Geuka nikupime mgongo."

Basi, yakaisha hapo! Hakutaja sheria, hakutaja kifungu, hakupandisha sauti. Na yule bwana, badala ya kukasirika, akacheka kwa aibu akasema harudii. Mimi miaka yote hiyo hajawahi kunichekea hata kidogo, ananitazama tu mpaka nimalize, kisha anauliza kama nitanunua kitu. Nikatoka kwa mlango wa nyuma, na miwani nikaiacha.

Jioni yake nikamuuliza, "Suruali yangu uliikata kwa ruhusa ya nani?"

"Samahani, mume wangu. Ilikuwa imetoboka."

"Imetoboka ni yako? Leo suruali, kesho utakata kofia! Umenifanya kituko mtaani!"

Nikaendelea. Nikianza huwa simalizi upesi, hilo nakiri. Nikasema chakula kimepoa, nikasema vitambaa vimejaa nyumba nzima, nikasema mwanamke mwenye adabu hamshiki muuza duka kifuani huku wanacheka. Fundi akatazama sahani. Yeye ni mtu wa kunyamaza. Binti yetu akainuka akaenda zake jikoni, na mimi nikamfokea kwamba mlango haufungwi hivyo.

Wiki ile ile mkuu wetu wa idara akaniita ofisini. Alikuwa na fomu mezani.

"Mtaa wako umeombewa gari la taka," akasema. "Masharti unayajua. Nyumba ziko arobaini. Zikipita thelathini kwenye ukaguzi, gari linaingia kila wiki, na mtaro unazibuliwa kabla ya mvua. Zisipopita, tunawapa mtaa mwingine, nyie mpaka mwakani."

"Sawa, mkuu."

"Ukaguzi utaufanya mwenyewe. Na jambo jingine." Akatabasamu. "Nasikia huko kwako kuna fundi cherehani hodari sana, anaelimisha watu huku anawapima nguo. Nataka nimpeleke akafundishe na mitaa mingine. Unamfahamu?"

"Namfahamu kwa mbali," nikasema.

Kwa mbali! Mwanamke niliyelala naye kitanda kimoja miaka kumi na saba. Neno likatoka lenyewe na sikulirudisha.

Nikaanza ukaguzi siku ya Jumatatu. Na ninyi mnaosikiliza msifikiri nilidanganya kama mwizi. Hapana, mimi niliwakagua vizuri, vizuri mno. Nilivaa glovu, nikaingiza mkono mpaka chini ya ndoo. Kwa kinyozi kila kitu kilikuwa mahali pake, isipokuwa kifuniko kimoja cha chupa, kidogo kuliko kucha, ndani ya maganda. Nikaandika: imekosa. Kwa muuza duka, ndoo ya viwembe haikuwa na mfuniko. Imekosa. Nyumba nyingine ganda la yai limeshikana na mfuko: imekosa. Nyingine fundo la kitambaa limelegea, na niambie, fundo limeandikwa kwenye sheria gani? Nikaandika imekosa.

Watu walinipokea vizuri, hilo ndilo lililozidi kunitia hasira. Walinitandikia viti. Mama mmoja alikuwa ameosha ndoo zake kwa sabuni, zinang'aa, akanifunulia moja moja huku ananitazama usoni. "Umeridhika, Bwana Afya?" akauliza. "Moyo wako umetulia?" Nikaona ananikejeli. Nikamkosesha kwa sababu ndoo ilikuwa na maji.

Na kila mlango, kitambaa cha mke wangu. Kahawia yangu, nyeupe ya mashuka yetu, nyekundu sijui ya nini. Kila fundo nililolishika lilikuwa lake. Nikawa najiambia, haya, Fundi, tuone sasa utakwenda kufundisha mitaa gani.

Jumanne saa sita nilikuwa nimemaliza nyumba thelathini na tisa. Ilibaki ya Nesi, kule chini mtaroni. Jua kali, njia yenyewe mteremko, na mimi nilishajua hesabu inakwendaje. Sikwenda. Nikaandika imekosa, nikapiga mhuri, nikapeleka fomu ofisini. Nyumba kumi na mbili kati ya arobaini. Mkuu akaitazama, akatikisa kichwa. "Pole," akasema. "Nilidhani safari hii mmefika." Nikasema ndiyo hivyo, watu wagumu wale.

Nilitembea kurudi nikiwa mwepesi, nusura nipige mluzi.

Nikamkuta Nesi amekaa kwenye ngazi za duka, anahema. Alikuwa amepanda ule mteremko wote kwa miguu, na kwenye mapaja amepakata ndoo, yenye kitambaa chekundu.

"Mbona hukuja kwangu?" akaniuliza. "Nimekusubiri tangu jana. Nikasema labda umechoka, nikuletee. Zile mbili nimeshindwa kuzibeba, utazifuata."

Nikasema, "Mama, fomu imeshakwenda."

"Imeshakwenda? Na mimi uliandika nini?"

Nikaitazama ndoo yake. Nesi amefanya kazi wodini maisha yake yote, ukinyamaza anakusoma. Akaiweka ndoo chini, akavuta pumzi.

"Umenikosesha bila kuniona. Na wenzangu?"

"Zimepita kumi na mbili."

"Kumi na mbili!" Akanitazama. Nilidhani atanitukana, nikajiandaa kumjibu. Akasema polepole, "Mwanangu, wewe unadhani tulikuwa tunatenganisha viwembe kwa ajili ya gari?"

"Kwa ajili ya nini sasa?"

"Kwa ajili ya mkeo. Alikuja kwangu kunipima blausi, nikamwona macho yamevimba. Nikamuuliza. Akasema, 'Nesi, siku mkimuudhi mume wangu huko nje, jioni tunafokewa sisi. Mtoto anaogopa akisikia geti. Nisaidieni, mtaa ukiwa safi labda atapoa.' Hakuomba kingine. Nikamwambia kinyozi, kinyozi akamwambia mwingine, ikazunguka hivyo. Moshi? Moshi tumeuvuta miaka mingapi, tungeuvuta tu. Tulifanya ili yule mtoto ale chakula kwa amani."

Watu walikuwa wamesimama mlangoni mwa duka. Hakuna aliyecheka. Muuza duka aligeuka akaanza kupanga vibiriti ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

Nilitaka kufoka. Nawaambia ukweli, kitu cha kwanza kilichonijia ni kufoka, kwamba mambo ya nyumbani kwangu yamefikaje vinywani mwa watu. Nilivuta pumzi kabisa. Kisha nikamwona Nesi amekaza mabega, anasubiri, yaani ameshajua kinachokuja, na mtaa mzima umeshajua. Ile pumzi ikakosa pa kwenda.

Nikarudi ofisini. Sikumbuki nilivyofika. Mkuu alikuwa anafunga dirisha.

"Ile fomu si ya kweli," nikamwambia. "Nyumba zote zilistahili kupita. Na moja sikuikagua kabisa."

Akakaa chini. "Umekosea nyumba ishirini na nane?"

"Sikukosea. Yule fundi ni mke wangu. Nilimwonea wivu."

Mkuu akasema yale ambayo mkuu lazima aseme. Ukaguzi utarudiwa na mtu mwingine. Mtu huyo hapatikani mpaka mwezi ujao. Gari linaweza kuja baadaye, lakini mtaro hautazibuliwa kabla ya mvua, kwa sababu mafundi wameshapewa mtaa mwingine mchana huu huu, kwa fomu yangu. Nami niache filimbi na kipaza sauti mezani, nisubiri barua. Nikaviacha. Mvua ilikuwa imebakiza wiki mbili, na nyumba ya kwanza kuingiwa na maji, kila mwaka, ni ya Nesi.

Nilipofika nyumbani nilifungua geti polepole, nikasikia cherehani inanyamaza. Ndani kulikuwa kimya. Fundi alisimama mara moja, akaokota vitambaa sakafuni haraka haraka, akaniangalia uso. Miaka kumi na saba ananiangalia hivyo nikiingia, na mimi nilikuwa nafikiri ni heshima.

"Pole na kazi," akasema. "Niandae chakula?"

"Kaa kwanza."

Akakaa kwenye ukingo wa kiti. Nikamweleza. Sikuruka kitu: pazia, kifuniko cha chupa, "namfahamu kwa mbali," nyumba ya Nesi, mtaro. Nikamwambia nilimwonea wivu mpaka nikauponza mtaa. Nilikuwa nangoja alie, au angalau kwa mara moja anifokee, maana hilo ningejua la kufanya nalo.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza."

"Hutapiga kelele?"

"Sipigi."

Alingoja kidogo ahakikishe. Kisha akaongea, na sauti yake ilikuwa ile ile ya nyuma ya pazia, ya mtu anayepima nguo.

"Watu wa nyumba arobaini wamechambua uchafu kwa mikono yao, miezi mitano, ili wewe ufurahi. Nesi amepanda kilima na pumu yake. Mimi nimekata kila nguo iliyokuwa humu ndani." Akanyoosha vitambaa mapajani. "Sasa niambie wewe mwenyewe, mume wangu. Tukufanyie nini tena?"

Binti yetu alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, naye anasubiri nijibu.