Mgonjwa wa Fundi Saa

Mama mkwe alipoteremka kwenye teksi na kuulizia ndoo kabla hata ya kukaribishwa kiti, fundi saa alijua bustani yake imeingiliwa.

Miaka yote aliyoinamia saa za watu, akikaza skrubu ndogo kuliko chawa, starehe yake ilikuwa moja tu: mimea ya majani manene, ile isiyopenda maji. Alikuwa na mshubiri wa madoa, mshubiri mfupi uliojikunjua kama nyota, mwingine mrefu uliojiegemeza ukutani, na mpungate uliomchoma kila alipoufuta vumbi. Lakini uliomshika roho ni mshubiri wa milia. Aliulea tangu ukiwa chipukizi la kidole, na sasa, kwa mara ya kwanza, ulikuwa umechomoza kikonyo cha ua.

Mama mkwe naye aliamini kwamba chochote kilicho hai kina kiu. Ziara iliyopita alimwagilia kila kopo asubuhi na jioni, na alipoondoka nusu ya bustani ilikuwa imeoza mizizi. Fundi saa, ambaye aliweza kumwambia mteja usoni kwamba saa yake ya dhahabu ni bati, hakuwa na ulimi wa kumwambia mama mkwe aweke ndoo chini.

Safari hii alikuwa amejipanga kabla hajafika. Aling'oa mshubiri wa kawaida uliojiotea nyuma ya choo, akaupandikiza kwenye chungu chake chenye nakshi. Ule wa milia akautia kwenye kopo la rangi lenye kutu, akalisukuma nyuma ya karo la kufulia.

"Mama," alisema kwa adabu zote, "huu wa kwenye chungu ndio moyo wangu. Naukabidhi kwako."

"Na ule kule nyuma?"

"Ule una maradhi. Usijisumbue nao."

Mkewe, aliyekuwa akianua nguo, alimtazama kama mtu anayemwona kuku akimpigia mwewe hodi. Baadaye jikoni akamnong'oneza, "Umemwambia mama yangu kwamba hapa nyumbani kuna mgonjwa? Yeye aliyetulea sisi wote na hata watoto wa jirani?"

"Nimemwambia asiuguse."

"Haya, baba."

Siku zikapita vizuri. Mama mkwe alikinywesha chungu mpaka kikatoa jasho, na fundi saa alikaa kando yake kila jioni akihema kwa mapenzi. Alianza hata kujipongeza.

Siku ya kuondoka, teksi ikiwa mlangoni, mama mkwe alisema, "Mkwe wangu, siombi nguo wala viatu. Nipe mmea mmoja wa kukukumbukia."

Huzuni yake fundi saa alikwishaifanyia mazoezi. Alikumbatia chungu, akafuta jicho lililokuwa kavu. "Chukua, mama. Chukua moyo wangu."

"Hapana, baba. Siwezi kumwacha mtu bila moyo. Nitamchukua yule mgonjwa."

"Atakufia njiani, mama."

"Akifa, hujapoteza kitu. Akipona, sifa zangu."

Kopo lilikuwa tayari kwapani mwake. Mkewe fundi aliingia ndani kwa haraka, na dirishani kikasikika kicheko kilichozibwa na taulo.

Mama mkwe alipokwisha kukaa kwenye teksi, alifungua chupa kubwa ya maji. "Ngoja nimpe mgonjwa ya safari."

Fundi saa aliidaka chupa. "Maji hapana, mama, tafadhali. Kikombe kimoja kila baada ya wiki mbili, na udongo uwe umekauka kabisa. Uweke penye jua la asubuhi. Na hicho kikonyo katikati usikiguse. Ni ua. La kwanza."

Mama mkwe alimtazama bila kupepesa. "Ugonjwa gani huu unaotibiwa kwa kiu?"

Fundi saa akatazama viatu vyake. "Hauna ugonjwa, mama."

"Nilijua tangu siku ya pili. Mgonjwa anafutwa vumbi jani kwa jani, kipenzi kina utando wa buibui."

"Basi niushushe?"

"Uushushe uupeleke wapi? Mikono yangu naijua, itaumwagilia hata usiku. Utakuja wewe na kikombe chako, kila wiki mbili, na binti yangu mje naye. Tangu mhamie hapa mmekuja kwangu mara ngapi?"

Fundi saa akaifunga chupa ya maji kifuniko.

"Mzee, tunakwenda au tunalala hapa?" aliuliza dereva.

"Nenda," alisema fundi saa, akiufunga mlango taratibu. "Lakini matuta uyapande polepole. Kama kuna njia ya kuzunguka, zunguka."

Mama mkwe akachungulia dirishani. "Nimepanda teksi hapa mara zote hizo, baba, na leo ndio kwanza unamwambia dereva maneno hayo."