Saa ya Ziada ya Baba Apondi

Alhamisi baada ya chakula cha mchana, Kezia alikuwa akipiga pasi kitambaa cha gauni la mtihani, na mumewe Phares ameketi kitandani akiisugua saa yake ya mkono kwa kipande cha flana. Chumba chao katika nyumba za reli, Muthurwa, kilikuwa kimoja tu, kwa hiyo kila Kezia alipovuta pasi, kiwiko chake kilimgonga mumewe bega.

"Baba Apondi, leo usiitie ufunguo."

"Umeshaniambia."

"Nakuambia tena. Una kichwa kama chujio."

Saa hiyo ilitoka Ulaya. Zilitengenezwa ishirini tu kwa Afrika Mashariki nzima, na Phares, karani wa stoo ya reli, aliuza baiskeli ili awe mmoja wa hao ishirini. Saa za watu wengine zina namba kumi na mbili. Hii ilikuwa na kumi na tatu. Kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni ilimwongezea mwenyewe saa nzima ya kupumzika, na kampuni haikuficha kwamba muda huo lazima utoke mahali. Ulitoka kwa Kezia. Saa kumi ilimkuta ameshika komeo la mlango. Akilisukuma, ni saa kumi na moja, na bomba la maji limeshafungwa.

Phares naye alikuwa na malalamiko yake. "Saa yenyewe ndefu," alisema, "na hakuna mtu wa kunipikia chai."

Kampuni iliwapenda wateja wake. Kila mwezi ilimtuma wakala wake, Gordon, Mzungu pekee aliyewahi kuingia nyumba zile bila askari nyuma yake. Gordon aliijua siku aliyozaliwa Phares, alilijua goti lake linalouma, alijua anavyopenda sukari. Lakini Kezia aliitwa naye Mama tu. Jina hakuwahi kuliuliza.

Mtihani wa ushonaji ulikuwa katika ukumbi wa Kaloleni, saa kumi kamili. Atakayefaulu angepewa kazi ya kushona sare, na Kezia alikuwa amejifunza mwaka mzima, asubuhi, mtoto mgongoni. Mwalimu wake, Bi Waridi wa Pumwani, aliwaomba wakaguzi wausogeze muda. Walikataa.

"Basi mwambie mumeo asiitie ufunguo, mwanangu," Bi Waridi alimshauri. "Ikisimama, utabaki nasi."

Ikawa hivyo. Saa kumi ilipita na Kezia yupo. Akashona kola, akaanza kuunga mkono wa kushoto. Mkaguzi aliinama, akaitazama mishono, akaguna kwa kuridhika. Kezia akainua mguu wa cherehani ageuze kitambaa. Alipoushusha, ukumbi ulikuwa unafagiwa.

Bi Waridi alikuwa ameketi kando yake, mkoba mapajani.

"Walikungoja kidogo," akasema. "Wameandika hukumaliza."

"Mkono umebaki kwenye pini."

"Niliwaonyesha kola. Wakasema kola si gauni."

Kezia alirudi nyumbani kwa miguu. Gordon alikuwa amekalia kiti chao cha pekee. Alipita kumjulia hali mteja wake, akaikuta saa imesimama, na saa za kampuni hazisimami. Akaitia ufunguo mwenyewe, bila malipo.

"Nilimwambia," Phares akasema.

"Ulimwambia nini?"

"Kwamba una shughuli."

"Naye akasemaje?"

"Akaniuliza kama mkanda unanibana."

Gordon alimwona Mama amekasirika, na kampuni haikupenda mtu akasirike. Akatoa mfukoni kijisanduku cha mahameli. Ndani mlikuwa na saa ndogo ya kike, yenye namba kumi na tatu.

"Hii kwa Mama. Iko kumi tu, Afrika Mashariki yote."

"Muda wake wa ziada unatoka kwa nani?" Kezia akauliza.

Gordon akatazama chumbani taratibu, kama mtu anayetafuta pa kutundika kofia, hadi macho yake yakamfikia Apondi, mtoto wao mkubwa, aliyekuwa sakafuni akifanya hesabu za shule. Akamtabasamia.

Kezia akakifunga kijisanduku, akamrudishia. "Mpelekee mke wako."

"Yeye nakwisha pata."

"Na muda wake unatoka wapi?"

"Kwa mpishi."

"Mpishi anasemaje?"

"Mpishi hapana sema kitu," Gordon akajibu. "Saa kumi, yeye hapana iko."

Phares alimsindikiza mgeni hadi barabarani, akarudi na kusema kwamba mke wake amemwaibisha mbele ya kampuni. Kezia akamwambia asogeze miguu, anataka kufagia.

Kesho yake alikuwa na maharagwe motoni. Saa kumi ilipokaribia aliyaepua yasije yakaungua, akaketi kwenye kigoda, akaweka mikono magotini na kungoja.