Kigari cha Sekunde Hakiuzwi

Mwenyekiti aliitangazia familia nzima kwamba kigari cha dada yake kitauzwa kama chuma chakavu. Alitangaza mezani huku akitafuna, kama mtu anayesema kesho ni Jumatatu.

Hakuwa mwenyekiti wa chochote. Jina hilo alibandikwa na mama yake mwenyewe akiwa na miaka tisa, kwa sababu hakuna jambo la nyumba ile lililoweza kuanza kabla yeye hajakohoa. Sasa alikuwa na miaka sitini na nne, gari jeupe refu kama ghorofa, na kikohozi kilekile.

"Nimeshaongea na mtu," alisema. "Jumamosi saa nne asubuhi anakuja kulichukua. Mama nitampeleka kliniki mimi."

Dada yake alikuwa fundi saa, na mtaani walimwita Sekunde. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa amekaa nyuma ya meza yake, lenzi imebanwa kwenye jicho la kulia, akifungua saa za watu, na kazi ile ilimfundisha kutogusa kitu wakati hasira imepanda. Aliweka kijiko chini. Akangoja hasira ishuke.

"Gari ni la nani?" aliuliza.

"Mdogo wangu, usianze."

"Sijaanza. Nauliza gari ni la nani."

"Ni lako. Lakini nyonga ni ya Mama."

Hapo kaka yake alimpata. Mama yao, mwenye miaka themanini na mitatu, alikuwa ameteleza bafuni akavunjika nyonga, akafanyiwa upasuaji, na sasa kila Jumanne na Jumamosi alipelekwa kliniki kufanya mazoezi ya kutembea. Daktari alisema asirushwerushwe. Jumanne iliyopita, kwenye tuta moja tu la barabarani, kigari kilianguka puu kama ndoo iliyokatika kamba, na Mama akapiga ukelele. Ukelele ule ulikuwa bado masikioni mwa Sekunde. Kwa hiyo kuhusu ugonjwa wa gari, kaka yake hakusema uongo. Ila dawa yake ndiyo ilimkaa kooni. Tangu Mama atoke hospitali, Mwenyekiti alikuwa ameahidi kumpeleka kliniki mara chungu nzima na akatokea mara mbili. Na hizo mara mbili alimnyanyua juu ya lile ghorofa lake kama mfuko wa saruji, simu ikiwa imebanwa begani.

"Mimi nipo hapa hapa," Mama alisema kutoka kwenye kiti chake. "Mnanigawa kama vile nimeshazikwa."

"Tunaongea kwa faida yako, Mama."

"Ongeeni. Ila msinitaje kama kabati."

Siku iliyofuata Sekunde hakufungua duka. Alikwenda moja kwa moja kwa makanika wake, mtu mpole aliyeitwa Taratibu, ambaye hajawahi kuonekana akikimbia hata mvua ikimkuta nje. Taratibu alizunguka kile kigari cha kijani, akaweka viganja viwili kwenye kona ya mbele, akakandamiza, akaachia. Kigari kikapanda, kikashuka, kikapanda tena. Kilicheza mara nne kabla ya kutulia.

"Shokapu zimekufa," alisema. Alichungulia nyuma ya gurudumu, akatoka na kidole kilicholowa mafuta meusi. "Zote nne. Mafuta yameshavuja. Springi zinabeba gari, lakini hakuna wa kuzituliza."

"Na gari lenyewe? Sema ukweli. Nitaambiwa nimeitia maiti dawa."

"Gari halina neno. Injini inanguruma kama paka aliyeshiba. Miguu tu." Alifuta kidole kwa kitambaa. "Kazi ni kununua. Spea siku hizi ni bahati nasibu. Niende mimi?"

Sekunde aliliangalia gari. Akamfikiria Mama akishika ukingo wa kiti kwa mikono miwili kila walipokaribia tuta.

"Nitakwenda mwenyewe. Wewe nifundishe tu cha kuangalia."

Taratibu alimfundisha, bila haraka kama kawaida yake. Za mbele huvaa springi juu yake, za nyuma husimama peke yake. Zinunuliwe mbilimbili, kushoto na kulia. Kuna za gesi, ambazo ukizikandamiza hupanda zenyewe na ni ngumu kidogo. Kuna za mafuta, ambazo hubaki pale ulipoziacha na ni laini. Kabla ya kuzipima, azisimamishe wima na kuzipampu juu chini mara tano, maana zikilazwa muda mrefu hewa huingia mahali pasipo pake. Sekunde aliandika kila kitu. Mwisho Taratibu alisugua uchafu kwenye shokapu ya zamani, na Sekunde akavaa lenzi yake akainakili namba iliyogongwa pale.

Duka la spea lilikuwa jembamba na refu, mikanda ya injini ikining'inia darini kama nguo zilizoanikwa. Wateja watatu walikuwa wameegemea kaunta. Muuzaji alimtazama Sekunde, akatazama nyuma yake, akatazama tena mlangoni.

"Mzee hakuja?"

"Mzee yupi?"

"Wa nyumbani. Mambo ya shokapu yanataka mtu anayeyajua magari."

"Wa nyumbani nilimzika miaka kumi na miwili iliyopita. Kama unataka kumsubiri, vuta kiti."

Mteja mmoja alikohoa kuficha kicheko. Muuzaji aliingia nyuma, akarudi amekumbatia shokapu nene kama miguu ya meza.

"Hizi ni chuma kweli. Ukifunga hizi umesahau."

Sekunde alisoma kibandiko, akalinganisha na karatasi yake. "Hizi ni za gari refu la mizigo la aina hiyohiyo. Changu ni kidogo."

"Lakini zinaingia, mama!"

"Hata mguu wangu unaingia kwenye kiatu cha kaka yangu. Lete nyingine."

Safari hii zilikuja ndani ya boksi zuri lenye picha ya barabara nyeupe na milima. Ndani, rangi nyeusi ilimetameta. Sekunde alizisimamisha juu ya kaunta, akazipampu moja moja mara tano, huku wale wateja sasa wakimwangalia bila kujificha. Akavua saa yake ya mkononi. Akaikandamiza shokapu ya kwanza mpaka chini, akaachia, akahesabu: sekunde saba kufika juu. Ya pili ilichukua kumi na moja. Akarudia zote mbili. Saba. Kumi na moja.

"Hizi si pacha," alisema.

"Mama, ni shokapu, si saa ya ukutani."

Sekunde alibana lenzi jichoni, akainama. Chini ya rangi mpya aliona michirizi ya kutu. Namba ilikuwa imegongwa juu ya namba nyingine iliyosagwa. Mkia wa tarakimu ya zamani ulichomoza pembeni kama shati lisilochomekwa vizuri. Alivua lenzi, akampa mteja aliyekuwa karibu, dereva wa gari la mkate mwenye nembo ya ngano kwenye fulana.

"Hebu nisaidie macho, ndugu yangu. Unaona namba ngapi hapo?"

Dereva alitazama kwa muda. "Naona mbili. Moja juu ya nyingine." Akainua kichwa. "Ebo! Na mimi wiki iliyopita nilinunua hapa hapa."

Muuzaji aliinama karibu na Sekunde, sauti imeshuka. "Mama, unataka kuniharibia biashara?"

Hasira ya Sekunde ilikuwa imepanda, na safari hii hakungoja ishuke. "Biashara yako imepakwa rangi, na aliyepaka si mimi. Jana nimeambiwa gari langu ni chakavu na kaka yangu, leo naletewa chakavu na wewe, na katikati yenu yupo mama yangu mwenye chuma nyongani. Siondoki hapa. Nimekuja kununua shokapu, na nitanunua shokapu."

Akavuta kile kiti alichomwambia muuzaji avute, akakaa, mkoba juu ya magoti.

Alikaa kwa muda wa kutosha kwa watu wawili kuingia, kuelezwa na dereva wa mkate kinachoendelea, na kutoka mikono mitupu. Mwishowe muuzaji alipanda ngazi mpaka rafu ya juu kabisa. Alishuka na maboksi manne yaliyofifia rangi, vumbi limeganda juu yake.

"Hizi zimekaa sana," alisema bila kumtazama. "Ni za mafuta, laini. Vijana hawazitaki."

"Mimi sibebi vijana."

Namba zilikuwa zilezile za kwenye karatasi, zimegongwa mara moja tu. Alipozipampu, za mbele zilishuka kwa mwendo mmoja, na za nyuma vilevile. Fimbo zake zilikuwa laini kama kioo. Raba za ndani ya boksi, alipozibinya, zilikuwa zimekakamaa kwa kukaa, kwa hiyo akadai raba mpya na vikombe vipya vya kushikia shokapu za mbele kwa juu, na akapewa bila neno. Dereva wa mkate ndiye aliyembebea maboksi mpaka nje.

Njiani kurudi ndipo woga ulipomshika. Saa ukikosea unaifungua tena, unaanza upya, na hakuna anayelia. Je, kama amechagua laini mno? Kama Mwenyekiti, kwa mara moja katika maisha yake, ana haki? Alikaza mikono kwenye usukani na kupita kila tuta kama aliyebeba mtoto aliyelala.

Ijumaa Taratibu alifanya kazi tangu asubuhi. Alizibana springi za mbele kwa kifaa chake, akazifungua pole pole, akivalisha shokapu mpya vikombe vipya. Bolti moja ya nyuma ilikataa katakata, ikabidi ikatwe. Sekunde alikaa juu ya tairi kuukuu akimkabidhi spana, na kila kipya kilipoingia alitaka kukiona kwa lenzi. Jioni, walipojaribu gari, upande wa nyuma kushoto uligonga, ko ko ko.

"Nilikaza likiwa linaning'inia kwenye jeki," Taratibu alisema, hana aibu. "Raba inataka kukazwa gari likiwa limesimama kwa miguu yake." Akailegeza bolti, akalishusha gari, akaikaza upya. Kelele ikaisha.

Jumamosi saa nne Mwenyekiti alifika, nyuma yake gari la kuvuta lenye mnyororo, na mnunuzi wa vyuma ndani yake. Sekunde alikuwa amesimama mbele ya kigari, funguo mfukoni.

"Lete funguo, mdogo wangu. Huyu bwana ana haraka."

"Haliuzwi."

"Tulishakubaliana."

"Ulikubaliana na kikohozi chako. Mimi sikusema ndiyo."

Mnunuzi alishuka. Alikuwa mtu wa vyuma, na mtu wa vyuma hutazama vyuma. Alikwenda kwenye kona ya kigari, akakandamiza kwa viganja, akaachia. Kikapanda mara moja, kikatulia. Akajaribu kona ya pili. Akamgeukia Mwenyekiti.

"Bosi, hili si chakavu. Na mwenyewe hataki. Umeniitia nini?" Akarudi kwenye gari lake, mnyororo ukilia nyuma yake mpaka mwisho wa mtaa.

Mwenyekiti alikuwa amevimba shingo. "Umenivunjia heshima mbele ya mtu!"

"Wewe uliliuza gari langu mbele ya familia nzima. Leo shahidi ni mmoja tu, nimekuhurumia."

"Na Mama akiumia?"

"Mama ana mdomo," ilisema sauti nyuma yao. Mama alikuwa ametoka, hatua kwa hatua, mikono kwenye kitembezi chake cha chuma, amevaa viatu vya kutokea. "Fungua mlango, mwanangu."

"Mama, panda langu, lina nafasi," Mwenyekiti alisema.

"Lako napanda kama ukuta. Hili nakaa tu." Na akakaa, kwanza makalio, kisha miguu, mmoja baada ya mwingine, kama alivyofundishwa kliniki. Bila kunyanyuliwa na mtu. "Na wewe ingia nyuma. Ukasikie mwenyewe badala ya kutuhubiria."

Mwenyekiti aliingia nyuma, magoti yakiwa karibu na kidevu. Kwenye tuta la kwanza Mama alishika ukingo wa kiti. Gari likapanda, likashuka, likatulia. Kwenye la pili alishika kwa mkono mmoja. La tatu lilipita akiwa anamsema jirani. Lakini karibu na kliniki kulikuwa na shimo ambalo hakuna shokapu duniani ingelimeza, na Mama akaguna, "Aah!"

"Umeona?" Mwenyekiti aliruka. "Umeona? Nilisema!"

"Nimeguna, sijafa," Mama alimkata. "Wewe ulipozaliwa niliguna zaidi, na hakuna aliyesema niuzwe. Endesha, Sekunde."

Mwenyekiti hakuomba radhi, siku ile wala baadaye. Alikaa kwenye benchi la kliniki saa nzima, na Mama alipomaliza mazoezi yeye ndiye aliyemshikia mlango wa mbele wa kigari. Simu ilipoita, akaizima.

Walipofika njia panda ya kurudi nyumbani, Mama aligonga dashibodi kwa kidole.

"Kuna rafiki yangu tuliyeshona naye kiwandani, upande ule wa relini. Sijamwona tangu nianguke."

"Mama, ni mbali," alisema Mwenyekiti kutoka nyuma. "Na mimi nina kikao saa saba."

"Basi utachelewa. Nani kakuuliza? Pinda kushoto."

Sekunde akapinda kushoto.