Kadi za Sindano Tupu

Mama Pindo hakupewa jina hilo bure. Fundi cherehani huyo, ukimpelekea kitambaa, utalipata vazi lako siku pindo litakapomridhisha yeye, si siku utakayolitaka wewe. Hata ungekuwa na sherehe jioni ile, ukalia, ukapiga magoti, angekukaribisha kiti na kuendelea kufumua. Wateja walinung'unika kwamba mama huyu ana maringo, kisha mwezi uliofuata walirudi na vitambaa vingine. Maringo alikuwa nayo kweli, wala hakuyaficha. Alisema mtu asiyejivunia kazi ya mikono yake atafute kazi nyingine.

Sasa mfikirie mwanamke wa namna hiyo siku anapoambiwa kwamba gauni la harusi la binti yake limeshanunuliwa.

Walionunua ni upande wa bwana harusi, na hawakukusudia ubaya. Ni watu wenye uwezo. Mama yake bwana harusi ana duka kubwa la vifaa vya ujenzi, na kwao kitu kikishatakiwa hununuliwa siku hiyo hiyo, yakaisha. Walikuja wakiwa na furaha tele, wakaeleza kwamba harusi itafungwa ufukweni, mahema yameshakodiwa, chakula kimeshaagizwa, muziki upo, na gauni ndilo hili hapa ndani ya boksi. Mama Pindo alilitazama, akalisifu, maana mgeni hasutwi akiwa sebuleni. Moyoni aliumia. Miaka yote hiyo amewavisha mabinti wa watu, leo wa kumzaa mwenyewe anavishwa na boksi.

Akauliza, polepole, upande wa bibi harusi umebakiwa na nini. Wageni wakatazamana. Labda kadi za mwaliko, mkwe wake, yule mama wa bwana harusi, alisema, lakini hata hizo yupo mpiga chapa wanayefahamiana naye, atazitoa mara moja, asijisumbue.

"Kadi niachieni mimi," Mama Pindo alisema. "Nitazitengeneza kwa mikono. Kila atakayekanyaga ufuko huo ataingia na kitu kilichotoka nyumba hii."

Ulimi hauna mfupa. Maishani mwake hakuwahi kutengeneza kadi hata moja.

Wageni walipoondoka, mdogo wake alicheka mpaka akashika ukuta. Huyu ukoo mzima humwita Redio kwa sababu hazimiki, na ndiye aliyemwita mkwe wao Mama Saruji, akidai si kwa ajili ya duka tu bali kwa kuwa uso wake ukishaganda haubadiliki tena. Binti hakucheka. Alikuwa msichana mtulivu, mfanyakazi wa maabara, aliyezoea kupima jambo kabla ya kulisema. Alimfuata mama yake jikoni, akafunga mlango.

"Mama, wale watu wamezoea vitu vizuri," alisema. "Tukiwapelekea kazi ya kulipualipua, nitaanza maisha kwao nikiwa mtu wa kuonewa huruma. Waache wazichape."

Maneno hayo yalimchoma Mama Pindo kuliko gauni. Alijibu kwamba mkono mtupu haulambwi, na kwamba yeye hatamtoa mwanawe nyumbani mikono mitupu, mahema yao, chakula chao, gauni lao, hata karatasi iwe yao. Binti akanyamaza. Lakini mama alimjua mtoto wake, na kunyamaza kule hakukuwa kukubali.

Basi maji wakayavulia nguo. Redio alitoa wazo kwamba kwa kuwa harusi ni ya ufukweni, ufuko wenyewe uonekane kwenye kadi. Alikwenda baharini na ndoo, akarudi na mchanga mweupe unaometa na visimbi, makombe madogo kama punje za mchele. Walinunua karatasi nene, wakazikata, wakazikunja. Binti aliandika majina kwa wino wa buluu kwa mwandiko wake mzuri wa kulala, mama akapaka gundi sehemu ya chini, Redio akanyunyiza mchanga na kubandika kisimbi kimoja kwenye kona. Meza ya kukatia vitambaa ilijaa, kitanda kikajaa, wakahamia sakafuni. Zilipokauka zilipendeza ajabu. Hata binti alitabasamu. Redio alitangaza kwamba saruji itayeyuka, wakazipanga kadi kwenye madebe ya plastiki, wakafunga vifuniko.

Siku chache baadaye Mama Pindo alifunua debe ili amwonyeshe mteja, na tabasamu likamwishia. Kadi zilikuwa na jasho. Mchanga ulikuwa umelowa na kuporomoka, gundi imegeuka uji, wino wa buluu umetambaa mpaka jina la bwana harusi halisomeki. Alifungua debe la pili, hali ni ile ile. Binti alinyanyua kadi moja kwa ncha za vidole, akagusa mchanga, akaonja.

"Chumvi," alisema. "Hatukuuosha."

Hapo ndipo aibu ilipo. Wanawake wawili waliopika tangu utotoni, wanaojua kabisa kwamba chumvi ikiachwa wazi msimu wa mvua hugeuka maji, walichota mchanga baharini wakaufungia na karatasi bila kuusuuza hata mara moja. Na huyo wa tatu anashinda maabara. Redio alijaribu kuokoa jahazi, akasema mchanga uliooshwa upo tele dukani kwa mkwe, tena unapimwa kwa koleo. Dada yake alimtazama, na kwa mara ya kwanza katika historia ya ukoo, Redio akazima.

Jambo haliji peke yake. Jioni hiyo mkwe alipiga simu kusema atapita Jumamosi kuchukua kadi, na kama kuna tatizo lolote mpiga chapa yuko tayari. Mama Pindo alisema hakuna tatizo. Binti alikuwa amesimama pale pale akisikia. Alikusanya kadi zilizoharibika na kuzitia kwenye mfuko wa taka, mojamoja, na kila iliyoingia ilimwuma mama yake.

Mama Pindo alikuwa na desturi ya kukaa kwenye cherehani kila alipofadhaika, hata kama hana cha kushona. Alikaa. Miguu ilianza kukanyaga yenyewe, sindano ikapanda na kushuka bila kitambaa, tak tak tak. Akamkumbuka fundi aliyemfundisha, mwanamke mkali asiyempa mwanafunzi uzi wala kitambaa mpaka amwamini. Ilikuwa ni karatasi ya daftari tu na sindano tupu, ufuate mistari. Ukimaliza, fundi anaikinga karatasi dirishani, na mwanga ukitoka nje ya mstari, unaanza upya. Mama Pindo alijifunza hivyo. Binti yake alipokuwa mdogo naye alimfundisha hivyo hivyo, kabla vitabu havijamchukua.

Miguu ilisimama. Alichomoa sindano nzuri, akaweka kuukuu, kwa sababu karatasi huua makali. Alitoa uzi. Akachukua karatasi nene, akaitia chini ya sindano, akaizungusha taratibu kwa vidole huku akikanyaga, ikapinda, ikarudi, ikapinda tena kama wimbi. Alipoinyanyua, wimbi lilikatika lote likaanguka mapajani, kama stempu inavyochanwa. Matundu yalikuwa yamekaribiana mno. Akaongeza urefu wa mshono, akachukua karatasi nyingine. Safari hii alishona kutoka mgongoni, na uso wa kadi ukainuka vipele vidogo unavyoweza kuvifuata kwa kidole. Alishona wimbi la pili chini yake, na la tatu. Kisha akaenda dirishani, akaikinga kwenye jua lililokuwa likizama.

Bahari ikawaka. Mistari mitatu ya mwanga ilipita katikati ya karatasi nyeupe, na alipoitikisa kidogo, ilicheza.

"Njoo uone," alimwita binti yake.

Binti alikuja na mfuko wa taka mkononi. Aliitazama ile kadi kwa muda mrefu, akaigeuza, akaipapasa, akaikinga tena kwenye mwanga. Akauweka mfuko chini.

"Niachie kiti, mama," alisema. "Nijaribu."

Miguu yake haikuwa imesahau. Kuanzia hapo walipokezana, mmoja akichora kwa penseli mgongoni mwa karatasi, mwingine akishona, kisha binti anaandika majina upya, na Redio anakunja na kusimulia habari za mtaa mzima. Kazi ilikuwa na ugumu wake. Mama Pindo, aliyejenga sifa kwa kufumua, aligundua kwamba karatasi haifumuliwi, tundu likishatoboka limetoboka. Alizikataa nyingi. Moja aliikataa kwa sababu wimbi la kati lilisita kidogo penye kona, na binti alipouliza nani ataona, mama alijibu, "Mimi nimeshaona." Binti alicheka, kicheko ambacho hakijasikika nyumba ile tangu lile boksi liingie.

Jumamosi mkwe alifika. Ilikuwa siku ya mawingu na sebule ina giza giza, na kadi kwenye giza ni karatasi nyeupe tu yenye majina ya buluu. Aliitazama moja, akaifungua, akaifunga. Uso wake haukusema lolote. Binti alifungua mdomo amwambie aipeleke kwenye mwanga, mama akamkanyaga mguu chini ya meza. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na Mama Pindo hakuwa mtu wa kutembeza. Mkwe alishukuru kwa adabu, akasema ni safi, akaondoka nazo.

Ni safi. Neno hilo Mama Pindo alilala nalo na kuamka nalo hadi siku ya harusi. Hata sakafu huitwa safi. Maringo yake yote yalimwacha mwenyewe, akabaki kujiuliza kama amemwaibisha mtoto mbele ya ukweni kwa ajili ya kiburi chake.

Siku ilipofika jua lilikuwa kali, anga haina doa. Alikalishwa mstari wa mbele kabisa karibu na mkwe, akakaa ukingoni mwa kiti. Muda ulikwenda na viti vya nyuma vilibaki vitupu, huku foleni ikirefuka penye kamba ya kuingilia. Redio alikuja mbio akizama mchangani.

"Dada, kuna mzozo mlangoni," alinong'ona. "Ni kadi."

Mama Pindo aliinuka mara moja. Alivua viatu, akavishika mkononi, akaondoka. Nyuma yake alisikia mkwe naye akiinuka kumfuata.

Mlangoni palikuwa na mtu wa suti nyeusi anayetoka jasho. Alikuwa ameagizwa akusanye kila kadi, mtu asije akaipitisha chini ya kamba kumpa asiyealikwa, na wageni walikuwa wamegoma kuzitoa. Mzee mmoja alikuwa ameikinga yake kwenye jua akimwonyesha jirani yake namna ya kuitikisa. Mama mmoja mnene alikuwa ameitia yake kifuani, akisema anayeitaka aje aichukue. Foleni nzima kadi ziko juu, watu wamefumba jicho moja wakichungulia bahari ndani ya karatasi, na bahari yenyewe iko pale nyuma yao hawaiangalii.

Yule mtu wa suti alipomwona mkwe, alishukuru Mungu. Akamkumbusha kwamba yeye ndiye aliyeagiza kadi zikusanywe, basi awaambie wageni wake, maana hawasikii.

Mkwe aliitazama foleni. Kisha alifungua mkoba, akatoa kadi yake mwenyewe. Kona zilikuwa zimeanza kuchakaa kwa kushikwashikwa.

"Hata mimi yangu siitoi," alisema. "Waache waingie nazo."

Yule mzee aliuliza ni mpiga chapa gani huyo, naye ana mtoto anaoa.

"Hazikuchapwa," mkwe alisema, kwa sauti ya mtu aliyezoea kuita wapakiaji ghalani, kila mtu akasikia. "Zimeshonwa kwa cherehani na mkwe wangu huyu hapa, yeye na binti yetu. Na zimekwisha."

Watu waligeuka kumtazama mwanamke mwenye viatu mkononi. Mmoja alipiga makofi, na wengine wakafuata. Mama Pindo hakuinamisha kichwa wala hakusema ni jambo dogo. Halikuwa dogo. Aliwatazama wote, mmoja mmoja, akafurahi kwa moyo wake wote.

Wakarudi pamoja, polepole, kwa sababu mkwe naye alikuwa amevua viatu. Katikati ya njia alisimama.

"Mkwe, lile gauni ningekuachia wewe," alisema. "Sikufikiri."

Mama Pindo alikuwa na majibu mengi ya maneno hayo. Alikuwa ameyaweka akiba tangu siku ya boksi, mengine makali kama sindano mpya. Alipoyatafuta sasa, hakuona hata moja linalomfaa.

"Limempendeza," alisema. "Ila nguo za mjukuu ni zangu."

"Zote," mkwe alisema, akamshika mkono.

Wakafika mbele. Mama Pindo akaketi, safari hii akakikalia kiti chote.